Salamu za Ukutani

Mama mkwe wangu nilimjua kwa masikio. Uso wake, kwa miaka yote tuliyokuwa wakwe, nilikuwa nimeuona mara moja tu, tena kwa mbali na kwa bahati mbaya. Kwao Mulanda, mwanamume aliyeoa binti wa watu hamtazami mama mkwe wake machoni, hali naye chakula, wala haingii jikoni mwake. Siku hizi wengi wameuacha mwiko huo. Utawakuta wakwe Tororo mjini wamekaa meza moja wanagombania paja la kuku. Ipo pia njia ya kuuondoa kwa heshima: wazee wa pande mbili wanakaa, mbuzi anachinjwa, wakwe wanapeana mikono, basi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliwahi kumshauri mama yake afanye hivyo. Mama akamjibu kwamba heshima haichinjwi pamoja na mbuzi, na mazungumzo yakaisha.

Kwa hiyo mimi na mama tulikutana ukutani. Mimi nje, juu ya kigoda, mgongo kwenye ukuta wa udongo wa jiko. Yeye ndani, karibu na mafiga. Lugha yetu ilikuwa Kiswahili, maana nikisema Kidhopadhola, lugha ya kwao, watoto wa pale huitana waje kusikiliza, na yeye Kisamia chetu hakijui. Kiswahili chake alikichuma soko la Busia, enzi zile akiuza simsim na karanga, na hakuwahi kukisumbua kwa sarufi. Alikituma, kikafika.

Siku ya kwanza nilipoketi pale, mke wangu alikuwa bado mchumba, nami nilikuwa nimefanya mazoezi ya salamu njia nzima kutoka kwetu Lunyo. Tatizo lilikuwa sauti yangu. Mungu alinipa mwili wa kutosha, na mabega ya kubebea spika. Alipofika kwenye sauti akakuta zimekwisha, akanipa ile iliyobaki, nyembamba, ya kuitia vifaranga. Nikasema habari ya hapa, mama. Sauti nene, nzito, ikajibu kutoka ndani.

"Muzuri, mutoto yangu. Na huyo mukwe mwenyewe nafika saa ngapi?"

"Mama," nikasema, "mukwe ni mimi."

Nikasikia kifuniko cha sufuria kinaanguka, halafu kicheko. Kilianzia chini kabisa, kikapanda, kikafika mahali kikakata pumzi, kikaishia kwenye kikohozi. Hakuomba radhi. Tangu siku ile akaniita mutoto yangu, na hakubadilisha hata mvi ziliponianza.

Mimi nami nilikuwa nimeshamchora wangu. Kwa sauti ile, niliamini nyuma ya ukuta kuna mwanamke wa kujaza mlango, mwenye mikono ya kupigia mwizi. Miaka ikapita nikiwa na mwanamke huyo kichwani, mpaka siku ya mazishi ya jirani yao, nilipomwona kikongwe mmoja mdogo, mwembamba, amebeba beseni la majani ya kunde. Nikamuuliza mke wangu yule bibi ni wa nani. "Geuka," akaninong'oneza, "usitazame. Ndiye." Niligeuka, lakini sikuamini mpaka nilipomsikia akimkaripia mtu kuhusu kuni. Ndivyo sikio lilivyo. Ukilipa sauti tu, linajenga mtu mzima, linamvika na nguo, halafu linagoma kumbomoa.

Niseme wazi kwa nini sauti ile ilikuwa na thamani kwangu. Mama yangu alifariki nikiwa sijaota meno ya pili. Sura yake ninayo, ya kwenye picha. Sauti sina. Nimejaribu kuikumbuka kwa njia zote, haiji. Tangu hapo hakuna mtu mzima aliyeniita mtoto wangu bila kutaka nimbebee kitu. Kwa hiyo nilikwenda Mulanda mara nyingi kuliko inavyompasa mkwe mwenye adabu, nikisingizia kwamba nampeleka mke wangu kuona kwao. Mke wangu hakudanganyika. "Wewe," aliniambia, "mimi ulinioa ili upate ukuta."

Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya muziki. Nina spika kubwa, jenereta, maikrofoni na miksa ya vitufe vingi, na ninafanya kazi pande zote mbili za mpaka wa Busia: harusi, misiba, mikutano ya injili. Kazi hii imenifundisha kwamba binadamu hasikii kwa sikio. Sikio ni mlango tu, mwenye nyumba yuko ndani na ana mambo yake. Mtu wa Busia amelala kando ya barabara, malori yamepanga foleni ya forodha yananguruma hadi asubuhi, yeye anakoroma. Malori yote yakizimwa kwa pamoja, anashtuka na kuuliza kuna nini. Vijana wanaochimba dhahabu Tiira wamezoea mashine za kusaga mawe. Ukiwapigia muziki wa kiasi wanakuuliza kama jenereta limezimika. Ukivuka upande wa Kenya, kijana atakuja hadi kwenye miksa, ashike kifua: "Buda, ongeza besi, hii haijaingia." Wazee wanataka maneno. Mchungaji anataka sauti yake isikike kama inashuka kutoka mbinguni, na asipopata mwangwi anahubiri kwa uchungu.

Kwenye miksa yangu kuna kitufe kimoja kilichokufa zamani. Hakijaunganishwa na chochote. Hicho ndicho kitufe ninachokipenda kuliko vyote. Mwenye harusi akija kulalamika kwamba muziki hauna utamu, ninamtazama kwa huruma, ninakizungusha taratibu, ninamuuliza, "Sasa je?" Anainamisha kichwa, anasikiliza, uso unafunguka. "Sasa hiyo ndiyo sauti, fundi." Nimewacheka watu kwa kitufe hicho miaka mingi. Mtu husikia alichojiandaa kukisikia. Nilidhani hiyo ni hasara ya wateja peke yao.

Basi, kuanzia mvua za mwaka juzi, mama mkwe wangu akaanza kuninyamazia.

Hakuninyamazia kwa mara moja. Mwanzoni alijibu kwa kuchelewa. Salamu za Mulanda ni ndefu na zina mpangilio wake: habari ya hapa, habari ya watoto, habari ya ng'ombe, mvua imenyesha, shamba linasemaje. Yeyote aliyezaliwa pale anaweza kuzijibu zote akiwa anachambua mchele na kuwaza mambo mengine. Mama alijibu, lakini kama mtu aliye nyuma kwa hatua moja. Siku moja nilivunja mpangilio. Badala ya kuuliza ng'ombe, nilimwambia mtoto wetu mdogo ametoka hospitali, amepona. Kutoka ndani sauti nene ikajibu kwa utulivu, "Iko sawa, maziwa nakuja kidogo kidogo."

Nimemletea habari ya mjukuu wake, yeye ananijibu habari ya maziwa. Nikasema moyoni, mama huyu hataki hata kunisikiliza. Ziara iliyofuata hakujibu kabisa. Niliita mara ya pili, kimya. Nilisikia kijiko kikikwangua sufuria, kwa hiyo alikuwepo. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, nami nilianza kuutafuta mshindo huo umetoka wapi.

Nikajichunguza kama polisi. Kwanza nikamkumbuka mbuzi niliyempeleka Krismasi. Nilimnunua kwa haraka, jioni gizani, na nilipomshusha kwenye boda boda pale nyumbani kwao, hata mbwa hawakumbwekea. Huenda mama alijiona amedharauliwa. Halafu nikakumbuka msiba wa jirani mwingine, nilipokodishwa na kusimika spika zangu kwenye ua uliopakana na jiko lake, nikapiga nyimbo za kwaya kwa nguvu zote siku mbili. Kuku wa eneo zima waliacha kutaga. Nikasema, ni hilo. Nimemwondolea mzee usingizi, na mkwe hasemwi usoni. Dawa yake ni kununiwa.

Sasa tazameni akili ya fundi wa sauti. Nilipoamini kwamba mama amekasirishwa na kelele zangu, niliamua kumwonyesha unyenyekevu. Kwetu mkwe hapazi sauti mbele ya mama mkwe; mimi nikaongeza chumvi. Sauti yangu, ambayo tayari ilikuwa ya vifaranga, niliishusha ikawa ya yai. Nilimsalimia kwa kunong'ona, kichwa chini, mikono magotini. Kadiri alivyozidi kunyamaza ndivyo nilivyozidi kunong'ona. Shemeji yangu, mwenye koo la kuitia ng'ombe mto wa pili, alipita akanikuta ninauombea ukuta. Akanicheka, akasema sikio la kufa halisikii dawa, kama mama hanitaki nikubali yaishe. Alikuwa anatania. Mimi usiku ule sikula.

Nyumbani Busia, mke wangu alikuwa na mzigo wake. Kila akienda peke yake, mama yake alimlalamikia. "Mzee wako amechoka na sisi," alimwambia. "Nakuja, nakaa pale nje kama gunia ya mahindi. Hata habari hapana." Mke wangu akaniletea maneno hayo, nami nikaapa kwamba nimesalimia hadi nikakauka. Akampelekea mama yake kiapo changu, mama akasema basi mmoja wetu ni mwongo na yeye ni mzee mno kuanza uongo. Mke wangu akatua ndoo chini.

"Nimechoka kubeba maneno yenu kama boda boda," alisema. "Nendeni mkamalize wenyewe. Na kama humtaki mama yangu, niambie mimi, usimwambie yeye kwa kununa."

Hapo ndipo nilipoumia. Nilitaka kumwambia kwamba ninamtaka mama yake kuliko anavyojua, kwamba ninapokaa pale ukutani bila kujibiwa ninarudi kuwa mtoto anayejaribu kuikumbuka sauti isiyokuja. Sikusema. Nilisema nitakwenda.

Nafasi ilipatikana baada ya mavuno, shemeji alipoandaa maombi ya shukrani pale nyumbani na kuniomba nilete maikrofoni na spika moja ili mchungaji asipasuke koo. Nilifika asubuhi mapema, kabla ya wageni. Kivuli pekee kilichokuwepo kilikuwa upande wa jiko, kwa hiyo spika niliiegemeza kwenye ukuta uleule. Nikawasha jenereta, nikaweka besi, ile sauti nzito, juu kama desturi, nikashika maikrofoni kufanya majaribio. Moja, mbili. Moja, mbili. Sauti yangu ikatoka pale imenona, imevaa koti, hata mimi niliipenda.

Kutoka jikoni kikaja kishindo cha mtu aliyesimama ghafla.

"Eee! Mutoto yangu! Leo umepata mdomo?"

Sikujua la kufanya, nikafanya lililokuwa mkononi. "Habari ya hapa, mama," nikasema, na salamu hiyo ikapita juu ya migomba, ikavuka barabara, ikaenda hadi kwenye maduka.

"Muzuri! Habari ya huko?"

"Nzuri, mama. Habari ya watoto?"

"Wazima! Na sasa sema, mimi nilikosa nini? Mwaka mzima nakaa hapa jikoni nangoja mutoto anisalimie. Nini hiyo?"

"Mama, nimekusalimia kila siku niliyokuja!"

"Wapi? Kwa tumbo?"

Majirani wakaanza kutokeza. Waliokuwa wamekuja mapema kwa maombi wakaketi vizuri, maana ibada ilikuwa imeanza. Mke wangu akatoka mbio nyumba kubwa akitaka kujua ni nani ninayemtangazia salamu. Na mimi, mkono wangu, kwa mazoea tu ya kazi, ulikuwa umekwenda kwenye miksa. Nikashusha sauti. Nikasema ndani ya maikrofoni, kwa sauti ya kawaida ya mtu na mwenzake, "Mama, mimi sina ugomvi na wewe."

Kimya.

Nikapandisha. Nikarudia maneno yaleyale.

"Hata mimi sina!" ukuta ukajibu.

Kitufe hiki hakikuwa kile kilichokufa. Nilikishusha tena, nikapandisha tena, na kila mara jibu lilikuja au likakosa kuja, na polepole nikaelewa kitu ambacho fundi yeyote wa vyombo angekielewa siku ya kwanza kama kingekuwa kinamhusu mtu mwingine. Ukuta hula sauti nyembamba kwanza, na uzee, kumbe, una meno ya aina hiyohiyo.

"Mama hasikii," nikamwambia mke wangu.

"Acha upuuzi. Ninaongea naye kila wiki."

"Unaongea naye mkitazamana?"

Akaingia jikoni. Mlango ulikuwa wazi, nami nikageuka upande wa pili kama inavyopasa, kwa hiyo na hili nililijua kwa masikio tu. Nilimsikia mke wangu akimwita mama yake, mara moja, akiwa nyuma yake. Akamwita tena, kwa jina la utotoni, lile watoto wake walilomwita kabla hawajajua kusema vizuri. Kisha nikamsikia mke wangu akilia.

Kwa wengine wote mama alikuwa amejisaidia kwa macho. Alitazama midomo yao, akajaza palipobaki kwa akili, kama sisi sote tunavyojaza, na akawaambia kwamba watu wa siku hizi wanaongea kwa kumung'unya na ndege wa siku hizi wamekuwa wavivu wa kuimba. Walimwamini; alikuwa mkali, na sikio halizidi kichwa. Katika ukoo mzima, mtu mmoja tu ndiye ambaye mama hakuruhusiwa kuutazama mdomo wake. Heshima ndiyo iliyotufanya maadui.

Zahanatini walisema wanachosema, wakamwambia aende Tororo hospitalini. Akapewa kile kifaa cha kuvaa sikioni. Alikivaa siku moja, akasikia sahani, majani makavu, bata, na wajukuu wote kwa pamoja, akakivua na kukihifadhi ndani ya kopo la chumvi. Alisema hakujua kwamba dunia ina makelele kiasi hicho ya bure. Kwa shemeji alitoa amri moja tu, na mke wangu, aliyekuwa kwao siku hiyo, akaniletea kwa simu huku akijaribu kutocheka na kutolia.

"Mama amesema uite wazee wenu wa Lunyo. Na mbuzi ulete wewe, lakini safari hii umnunue mchana."

Nilimnunua mchana. Nilimshika mgongo, nikamshika paja, nikamtembeza mbele ya rafiki yangu mchinjaji. Wazee walikaa upande huu na upande ule, wakasema ya kusema, wengine wakarudia ya wenzao. Nami nilikuwa juu ya kigoda changu, mgongo ukutani, kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kukaa katika boma lile.

Mama akatoka jikoni. Alipita mbele ya wazee bila kuwasalimia, akavuta kigoda chake hadi mbele yangu, akaketi, magoti yake yakakaribia kugusa yangu. Sikujua kwamba ana makovu mawili madogo juu ya nyusi. Sikujua kwamba macho yake hucheka kabla ya mdomo. Alinitazama usoni muda mrefu, kisha akateremka hadi kwenye midomo, akatikisa kichwa.

"Kumbe hata mdomo yenyewe ni dogo," akasema, kwa sauti ileile nene, na watu wote wakaangua kicheko. Alinyoosha mkono, nikaushika. Ulikuwa mwepesi kuliko maikrofoni.

"Sema, mutoto yangu," akasema. "Mimi natazama."

Nilianza habari ya hapa, nikaacha, maana hizo angezijibu hata akiwa amelala. Nilitaka kitu kisichokuwa kwenye mpangilio, kitu ambacho lazima kitoke kwangu ndipo kimfikie. Nikasema polepole, bila kunong'ona na bila kupaza:

"Mama, ulinisamehe yule mbuzi wa Krismasi?"

Macho yake yakaanza.

"Ile?" akasema. "Ile hapana mbuzi. Ile ilikuwa ngozi natembea."